Mistari Kumi ya Shali

Shali ya mistari ikitundikwa dukani, mnunuzi huangalia rangi. Mfumaji huigeuza kwanza. Hutazama nyuma yake, hupitisha kidole gumba ukingoni, kisha huvuta kidogo pale ambapo mstari mmoja unakomea na mwingine unaanzia. Rangi nzuri hununuliwa na yeyote mwenye hela. Kuzikabidhisha zamu, moja baada ya nyingine, bila doa wala kifundo, ni kazi ya fundi, na nimeshakaa sana pembeni ya fundi mmoja kiasi cha kuamini kwamba kazi hiyo huanza kitambo kabla sindano haijashikwa.

Fundi mwenyewe ni shangazi yangu, na yuko Njombe. Kule shali si pambo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya asubuhi hupenya mpaka kwenye mifupa. Wanawake hujifunga kitenge juu ya sweta, na juu ya kitenge hujitupia shali. Nyingi ni za mtumba. Za kroshia ni chache, kwa sababu kroshia ni kazi ya mkono mwanzo hadi mwisho. Sweta za shule hutoka kwenye mashine kwa dazeni. Kroshia kwenye viwanda vya nguo huigwa sura tu. Kitanzi chenyewe hutoka kwenye ndoano ndogo iliyo kwenye ncha ya sindano, na mkono wa mtu ulioishika.

Shangazi anafuma akiwa dukani kwake, akiuza sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupimia. Hapo ndipo kroshia inapomfaa kuliko ufumaji mwingine wowote. Sweta inayofumwa kwa sindano mbili hubeba vitanzi vyote vya safu vikiwa wazi, themanini au mia na zaidi. Sindano ikichomoka, vyote vinaporomoka. Kroshia hufunga kila kishono kabla ya kuanza kinachofuata, ikabakiza kitanzi kimoja tu kilicho hai. Mteja akipiga hodi, shangazi hukirefusha kitanzi hicho mpaka kiwe kama kiganja, hukichoma pini, huweka kazi mapajani na kupima robo ya sukari. Akirudi, huvuta uzi, kitanzi kinarudi saizi yake, anaendelea. Kazi inayovumilia kukatishwa mara nyingi hivyo kwa siku inafaa kwa watu ambao siku zao hukatishwa na wengine. Ila mtoto akikuta kitanzi hakina pini na akavuta uzi, hakuna cha kumzuia mpaka achoke mwenyewe.

Uzi hununuliwa mchana, tena juani. Ndani ya duka la nyuzi kuna taa za mirija, na chini ya taa hizo bluu iliyoiva na zambarau hufanana kama pacha. Ukitoka nazo mlangoni zinaachana. Kwa hiyo shangazi hubeba madonge mawili mawili hadi barazani, akayaweka bega kwa bega juani, akasimama. Wenye duka wameshamzoea. Kisha husoma karatasi iliyozungushiwa donge: kuna namba ya rangi, na kuna namba nyingine ndogo inayoonyesha uzi huo ulitiwa rangi katika mkupuo gani. Madonge mawili yenye rangi moja lakini mikupuo tofauti yanaweza kupishana kidogo sana, usione ukiwa umeyashika mkononi, uone vizuri sana yakishafumwa yakawa mstari mmoja uliogawanyika katikati.

Na muuzaji akiapa kwamba uzi ni sufu halisi, shangazi huomba kiberiti. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kati ya vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Karibu kila mara ni kishanga, wala haimuudhi. Anachokataa ni kulipia kondoo ambaye hayupo. Akriliki ilianza kuuzwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1950, kwa jina la Orlon, na kwa shali ya kila siku ina faida zake: nondo hawaili, hufuliwa bila kusinyaa, na hushika rangi kali.

Rangi kali nazo zina asili yake, na mojawapo inatuhusu sisi watu wa malaria. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini haikutoka. Kilichobaki chomboni kilikuwa uchafu mweusi, na alipouyeyusha katika spiriti ukatoa zambarau. Hiyo ikawa rangi ya kwanza ya maabara kufanyiwa biashara kubwa, na nyingine zikafuata. Kabla ya hapo zambarau inayodumu kwenye nguo ilikuwa ya wenye nacho. Leo ni donge la rafu ya chini, pembeni ya kijivu, na bei ni moja.

Shangazi akiwa na rangi zake mezani bado hafumi. Hukata kipande cha boksi, upana wa vidole viwili, akakizungushia nyuzi kwa mpangilio anaoufikiria: mizunguko mitano ya damu ya mzee, mitano ya chungwa, mitano ya samawati, mitano ya rangi ya maziwa. Hukisimamisha kwenye rafu, kati ya chumvi na viberiti, na kuendelea na biashara. Siku nzima hukitupia jicho kutoka mbali, akiwa anahesabu chenji au akiongea na mtu. Mpangilio unaomchosha kabla ya jioni hufumuliwa, mwingine ukajaribiwa kesho yake.

Anachokitafuta kwenye boksi kilimshughulisha mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipokuwa msimamizi wa rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba uzi mweusi wanaopewa ni hafifu. Chevreul akauchunguza, akaukuta mzima. Kasoro ilikuwa kwa majirani: ukiuweka kando ya bluu na urujuani, mweusi uleule hupauka machoni. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kinene juu ya namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Nyekundu kando ya kijani huwaka zaidi, na kijani nayo huwaka. Nyekundu kando ya chungwa husukumana: nyekundu huelekea zambarau, chungwa huelekea manjano, wala hakuna uzi uliobadilika.

Upana wa mstari nao una sauti. Nyekundu na kijani zinazopokezana safu moja moja hupendeza ukiwa umeshika shali mkononi, lakini aliye ng'ambo ya barabara anaona kahawia isiyoeleweka, kwa maana jicho kwa umbali ule halitenganishi tena. Wafumaji wa vikoi kule pwani huliepuka tatizo hili kwa kukusanya mistari pembeni na kuiacha sehemu kubwa ya katikati rangi moja. Shali yenye mistari mwanzo hadi mwisho haina pa kupumzikia, basi shangazi hupenyeza rangi ya maziwa au kijivu kati ya zile zinazogombana. Mimi naona huzidisha kijivu. Yeye anasema mimi sijawahi kuvaa shali.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia.

Shali yake ni ya pembetatu. Huanzia katikati ya shingo, upande wa nyuma, kwa kipete cha minyororo michache, na hushuka mgongoni ikitanua mabawa mawili kwa pamoja. Kila fungu ni vishono vitatu virefu vilivyoingizwa kwenye tundu moja. Safu ya 1 ina mafungu 2. Safu ya 2 ina 4, ya 3 ina 6, ya 10 ina 20, na safu ya 50, ambayo ndiyo ya mwisho, ina 100. Zijumlishe zote: mafungu 2,550, yaani vishono virefu 7,650.

Kwa kuwa kila safu ni ndefu kuliko iliyotangulia, uzi hauliwi kwa mwendo mmoja. Ukifika safu ya 35 kati ya 50 utadhani unakaribia kumaliza. Mafungu uliyofuma ni 1,260, bado hujafika nusu. Anayeanza kazi hii akiwa na madonge tisa ya rangi tisa, yote ya uzito mmoja, akasema atafuma kila donge mpaka liishe, hukutana na ajabu: donge la kwanza linamfikisha karibu na safu ya 16, theluthi ya kazi nzima. La nne linaishia safu ya 33. Matano yaliyobaki yanabanana kwenye theluthi ya mwisho, na la tisa linatoa safu tatu tu. Shali ya namna hiyo si mbaya. Mistari mipana shingoni inayopungua kuelekea ncha ina mwendo wake, na wako wanaoipanga hivyo kwa makusudi. Ubaya ni kuipata bila kuikusudia.

Shangazi hupenda mistari kumi ya upana mmoja, safu tano tano. Kufuma safu kumi za mwanzo ndiko kupima kwake. Huazima mzani mdogo wa jirani anayeoka keki, hupima madonge kabla na baada. Safu kumi za kwanza ni mafungu 110; tuseme zimekula gramu 11. Basi fungu moja ni sehemu ya kumi ya gramu, na mengine yote yanajulikana papo hapo. Mstari wa kwanza, wenye mafungu 30, ulikula gramu 3. Mstari wa kumi, kuanzia safu ya 46 hadi ya 50, una mafungu 480 na utahitaji gramu 48. Upana ni uleule, uzi ni mara 16. Shali nzima ni gramu 255, bila ukingo na matamvua. Haya yote huandikwa kwa penseli nyuma ya daftari la madeni, na daftari hilo lina hesabu safi kuliko vitabu vingi vya biashara nilivyoviona.

Kutokana na hesabu hiyo mabaki hupata kazi. Kidonge cha gramu 4, kisichotosha hata kofia ya mtoto mchanga, ni mstari mzima pale shingoni. Ndiyo maana shali zake huwa na rangi za ajabu juu, ambazo hazirudi tena chini. Ni masalia ya shali za watu wengine.

Zamu ya rangi ikifika, mkono wake hupunguza mwendo. Kishono kirefu hufanywa hivi: huzungusha uzi mara moja kwenye sindano, huingiza ndoano tunduni, huvuta uzi, na vitanzi vitatu vinakaa kwenye sindano. Huzungusha tena, hupitisha kwenye viwili, vinabaki viwili. Katika kishono cha mwisho cha mstari husimama hapo. Huuachia uzi wa zamani uning'inie, hukamata mpya, na kwa huo mpya hufunga vile viwili vilivyobaki. Kitanzi kinachobaki juu ya sindano ni cha rangi mpya, na rangi ya zamani imeishia mle mle ndani ya safu yake. Mwenye haraka humaliza kishono chote kwa uzi wa zamani, kisha huunga mpya juu yake. Matokeo ni alama moja ndogo ya rangi ya jana iliyopanda kwenye mstari wa leo. Ni ndogo kweli. Ukishaiona mara moja, jicho halitaangalia kitu kingine.

Mpaka wenyewe kati ya rangi na rangi haukunyooka, na huo ndio uzuri wa mafungu. Kwa kuwa vishono vya safu mpya haviingii juu ya vichwa vya vishono vya zamani bali kwenye nafasi kati ya fungu na fungu, chungwa hushuka ndani ya damu ya mzee na damu ya mzee hupanda kati ya chungwa, kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Ukikaa nayo karibu utaona kila jino la rangi lina nyuzi tatu zilizosimama, zimebanwa chini na kutanuka juu. Na kwa vile kazi hugeuzwa kila safu, upande wa nyuma ni sawa na wa mbele. Shali hii haina ndani na nje. Upepo ukiipindua begani haifichui chochote.

Fundo hafungi. Fundo kwenye akriliki huteleza, au likidumu huchomoza upande wa mbele baada ya kufuliwa mara kadhaa. Huacha mkia wa karibu shubiri moja kwa kila uzi unaotoka na kila unaoingia. Mistari kumi ina mabadiliko tisa. Mikia kumi na minane, na miwili ya mwanzo na mwisho, jumla ishirini. Kila mmoja huingizwa kwenye sindano butu na kupitishwa ndani ya vishono vya rangi yake mwenyewe, kulia, kisha kushoto, kisha juu, kwa sababu uzi unaokwenda njia moja hutoka kwa njia hiyo hiyo. Wafumaji wengi huiachia mikia mpaka mwisho, na mwisho huo haufiki. Nimeona shali nzuri zimekaa kabatini zikiwa na ndevu. Shangazi haanzi safu ya pili ya mstari mpya kabla mikia ya zamu haijalala. Wakati huo haongei na mtu, hata mteja wa sukari husubiri.

Asubuhi za Julai vidole ni vigumu, na vidole vigumu huvuta. Safu iliyofumwa kwenye baridi hutoka imekaza, ya mchana imelegea, na zikifuatana ukingo hupinda. Hilo sikulijua mpaka nilipomwona, kila baada ya mapumziko marefu, akichukua kipande cha uzi wa pembeni na kufuma mafungu mawili matatu ya bure, akiyafumua, akiyarudia, mpaka mkono ukubali. Kisha ndipo hutoa pini kwenye shali.

Kumalizia huenda haraka. Ukingo wa safu moja, wa rangi iliyotawala, huzunguka pembetatu yote na kufunika mahali rangi zilipoingilia pembeni. Shali huloweshwa, hukamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, hutandazwa juu ya mkeka na kuvutwa mpaka upana wa ncha hadi ncha uwe mara mbili ya urefu wa mgongoni. Pasi ya mkaa hupita juu yake, haigusi; kuna kitambaa kibichi katikati, na mvuke ndio unaofanya kazi. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto hulala na haiamki tena: hung'aa, hulegea, na ule uvimbe wa uzi unaoshika joto hupotea. Matamvua huzungushiwa daftari la shule na kukatwa upande mmoja, ili yote yawe na urefu mmoja.

Ugomvi wa bei huanza hapo. Mteja huilinganisha na ya mtumba, na kwa macho ya soko hana kosa, maana ya mtumba nayo ni nzuri na inapasha moto. Kinachonikera ni nyongeza. "Mama, hii ndogo kidogo. Niongezee safu kumi tu, bei iwe ile ile." Kwenye sikio la asiyefuma, safu kumi juu ya hamsini ni kitu cha kuongezewa kama sukari ya juu ya kipimo. Shangazi hufungua daftari. Safu ya 51 hadi ya 60 ni mafungu 1,110. Safu zote 32 za mwanzo, kuanzia shingoni mpaka chini ya mabega, ni mafungu 1,056. Humwonyesha mteja kwa kidole kwenye shali yenyewe: yote haya, dada, na zaidi ya haya. Wengine huondoka. Wengi huguna, huishika shali tena, huipima mgongoni mbele ya kioo cha duka, na kukubali ya safu hamsini.

Anayetaka ya sitini kweli hulipa nusu kabla. Shangazi huandika rangi alizochagua, hupiga hesabu kutoka juu mpaka chini, na siku ya gulio huenda kununua uzi wa mstari wa mwisho kabla ya mwingine wowote. Ndio mzito kuliko yote, unahitaji gramu 58 za mkupuo mmoja, na dukani huwa kumebaki donge moja.